Leseni ya Majaribio

Jumatatu, 4 Machi
Barua imefika. Kampuni yenye programu inayoendesha seva yetu inaleta mkaguzi wa leseni Ijumaa. Mkurugenzi kanirushia mezani kana kwamba mimi ndiye niliyeiandika. Eti, hii nini? Hii nini! Miaka miwili namwambia: leseni tuliyo nayo ni ya majaribio. Unajifunzia, basi. Ukishaweka hewani tovuti ambayo wagonjwa wa figo wanapangia zamu za kusafishwa damu, hayo si majaribio tena — ni huduma, na huduma ina leseni yake. Nikamshauri tuhamie programu huria, haina masharti hayo. Akacheka. Cha bure hakina thamani, akasema. Yeye anayetumia kisicho chake!

Jumanne, 5 Machi
Nimechapisha barua pepe zangu zote tatu nilizomwonya Mkurugenzi. Alijibu moja tu: endelea, nani atajua. Nimeisoma mpaka macho yakauma.

Jumatano, 6 Machi
Mkurugenzi — niandike tu ukweli, ni mjomba wangu, kaka yake mama — kaniita, kafunga mlango. Sauti ya asali. Karatasi imeshachapwa: mimi, fundi wa seva, niliweka programu bila idhini ya uongozi. Nitie saini, nipewe onyo, yaishe. Nikamuuliza, seva ikizimwa Ijumaa hiyohiyo, wagonjwa sitini watajuaje zamu zao? Akasema hilo nimwachie yeye. Nimemwachia miaka miwili!

Asali ikaisha.

"Nani alikutoa nyumbani akakupa kiti hicho?"

"Kiti ulinipa, mjomba. Jina langu hukunipa."

Nimetoka bila kuaga.

Alhamisi, 7 Machi
Sikumwomba mtu ruhusa. Nimepakia programu huria kwenye kompyuta ya zamani ya stoo, nahamishia tovuti huko. Inagoma kila saa. Muuguzi mkuu kaja na daftari, ananakili zamu za wiki mbili kwa mkono, endapo seva itazimwa. Kaniambia nipunguze kupiga kibodi, haijanikosea.

Mama kapiga simu mchana. Mjomba alipita kwake. Mjomba ni mama, mwanangu, saini yaishe. Hakuuliza naambiwa nisaini nini. Hata hilo tu!

Ijumaa, 8 Machi
Naandika nikiwa stoo, haraka. Mkaguzi ni mtu mpole, miwani mikubwa, hana haraka. Kauliza swali moja: nani alijua? Mjomba kajibu kabla sijavuta pumzi — muulize fundi. Nikasema nakuja, nifuate karatasi zangu.

Ninazo mkononi, zile barua pepe tatu. Zamu za wagonjwa arobaini zimeshahamia, ishirini bado.

Nilipopita mapokezi kuja huku nimemkuta mama. Kaletwa na gari la mjomba. Amekaa wima, mkoba mapajani, kati yangu na mlango wa ofisi. Nimemwamkia. Kaitikia akitazama sakafu. Narudi kwa mkaguzi na barua pepe zangu; itabidi nimpite —