Mseto Umeruhusiwa Garissa

Soko Mugdi,
Garissa.
4 Aprili 1999

Mpendwa ndugu yangu Yakub,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. U hali gani, walaal? Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa huko Tanga? Na mke wako Saynab, amejifungua salama? Tunasubiri kusikia jina la mtoto, nawe umekaa kimya kana kwamba ulizaliwa huko huko. Sisi ni wazima, alhamdulillahi. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi uko palepale, na kila baada ya swala anakutaja, mara nyingine kwa dua na mara nyingine kwa malalamiko.

Joto limetukausha na mvua bado. Mifugo inateremka mtoni mifupa mitupu. Lakini leo sikuandikii habari za ukame. Kaa kitako, mwambie Saynab akumiminie chai, maana nina jambo na siwezi kulisema polepole.

Tumeshinda, Yakub. Abdinoor wangu ameshindwa, lakini sisi tumeshinda. Soma mpaka mwisho utanielewa.

Unaikumbuka ile kanda ya video uliyomletea Nunow siku alipomwoa dada yetu Roda? Ile ya Wamarekani waliofungiwa ndani ya uzio, wanapigana ngumi, mateke na mieleka, vyote kwa pamoja? Wengine wanaletea bwana harusi blanketi. Wewe ukaleta balaa. Nunow, kwa vile alicheza ngumi alipokuwa jeshini, aliitazama kanda hiyo mpaka picha zikaanza kufifia, kisha akakodi ghala la ngozi lililoachwa kule nyuma ya soko na kuanza kufundisha vijana. Mchezo wakauita mseto, kwa kuwa kila kitu kimo ndani.

Nilimcheka. Ghala lenyewe linanuka ngozi mbichi mpaka leo. Lakini Abdinoor alipomaliza shule na kukosa kazi, alikuwa amekwisha kuwa mtu wa miraa. Mchana kutwa amelala ubavu kwenye mkeka na wenzake, usiku macho kodo, swala zinampita. Unajua nilivyobaki na mtoto huyo mmoja baada ya baba yake kufariki. Nilikuwa namtazama akiniponyoka na sina la kufanya. Basi Nunow akamchukua. Haukupita muda akaacha miraa, nani angeamini, akawa anaamka alfajiri mwenyewe. Tangu siku hiyo sikucheka tena. Nilikwenda kambini Dadaab kununua maturubai ya mahema yaliyochakaa, nikayashona magodoro makubwa ya kuangukia, nikayajaza vipande vya nguo kutoka kwa mafundi cherehani wenzangu wote wa mtaa. Vidole viliota sugu.

Lakini mchezo huu ulipata maadui wengi kuliko nzige. Kwanza waliomwona Nunow na kanda yake wakatangaza mjini kwamba anafundisha watoto kuuana. Sheikh wetu akamwita. Nilidhani ndio mwisho, kumbe mzee alimsikiliza vizuri, akamwambia uso wa binadamu haupigwi, na mapaja ya mwanamume hayaanikwi mbele ya watu. Hayo mawili mkiyashika, akasema, mengine ni mazoezi. Kwa hiyo kwetu ngumi haipandi juu ya shingo, na suruali zinavuka magoti. Nimezishona mimi. Hao Wamarekani wako wangeziona wangeniagiza.

Ofisini ndiko tulikozungushwa. Nunow aliomba kibali cha mashindano. Watu wa ngumi wakasema hii si ngumi. Watu wa mieleka wakasema hii si mieleka. Mwalimu mmoja wa karate akaudhika kwamba tumemharibia karate yake. Kila mmoja alitaka mchezo uwe wa mwingine ili asiulizwe. Halafu bwana mkubwa mmoja, simtaji, akauliza kwa nini vijana wa Kisomali wanajifunza kupigana ndani ya ghala lililofungwa. Unajua swali la namna hiyo linakoelekea hapa kwetu, kesho tunaitwa waasi. Nunow akamjibu kwamba mlango hufungwa kwa sababu ya mbuzi wanaoingia kutafuna magodoro, na ni kweli, lakini bwana yule hakucheka.

Yote hayo tungeyavumilia. Lililotaka kutuua ni letu wenyewe.

Mwaka jana, wakiwa mazoezini, Abdinoor alimbeba mwenzake Alio na kumwangusha vibaya, mfupa wa mtulinga ukavunjika hapa begani. Alio ni mtoto wa Muslimo muuza maziwa, na si wa ukoo wetu. Nawe unajua mila yetu. Kijana wa ukoo mmoja akimvunja mfupa kijana wa ukoo mwingine, hakuna anayeuliza kama walikuwa wanacheza. Wazee wa kwao wakadai diya, walipwe fidia ya mfupa. Wazee wa kwetu wakasema mtu aliyeingia mwenyewe uwanjani hadai. Maneno yakapanda. Muslimo akaacha kunisalimu, na mimi nawashonea wanawe suruali tangu wakitambaa. Na huyo Alio mwenyewe, mkono bado umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, alikuwa anajipenyeza ghalani kuwatazama wenzake!

Hebu fikiria mchezo ambao kila anayeanguka anafungua kesi ya koo mbili. Utakua vipi? Vijana wa ukoo mmoja wacheze peke yao?

Wazee walikaa juu ya jambo hilo mpaka tukachoka kuwapikia. Mwisho wakaafikiana hivi. Kabla ya mchezo, msimamizi wa kila kijana atasimama mbele ya watu na kusamehe mapema chochote kitakachompata kijana wake juu ya godoro. Lakini wakasema pia kwamba kusamehe kabla ya maumivu ni rahisi, wao wanataka kuona siku yenyewe. Abdinoor na Alio wapambane hadharani, Idi pili. Mtu mmoja tu wa upande wowote akivuka kamba inayozunguka godoro kwa hasira, ghala linafungwa moja kwa moja na dai la mtulinga linafufuka. Ofisi nayo ikasema itafuata wazee.

Nami sikupata usingizi. Msimamizi wa Abdinoor, baba yake akiwa hayupo, ni shemeji yangu Bare wa Wajir, mfanyabiashara wa ngamia. Unamjua Bare. Mtu akimkanyaga kivuli anageuka. Alikuja juu ya lori la mifugo akiwa amenuna, akasema mtoto wa marehemu ndugu yake hatafanywa ngoma ya kupigwa mbele ya watu. Nilimpikia, nikamsihi, nikamletea sheikh. Siku ya siku alisimama akasamehe, kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino.

Baada ya alasiri uwanja ulijaa. Wanaume upande huu kwa koo zao, sisi wanawake upande wa pili, na Muslimo karibu nami akitazama mbele kama hanijui. Abdinoor alianza vizuri mno. Alimpiga Alio teke la mbavu, akamwangusha, watu wetu wakanguruma. Moyo wangu ulikuwa mkubwa, sitakudanganya. Halafu Alio akajipindua, sijui alipitia wapi, akaja mgongoni kwake, akamzungushia mkono shingoni na kukaza.

Yakub, nimezaa mimi. Nilimwona mwanangu akigeuka rangi. Bare akasimama, bakora mkononi, na waliomzunguka wote wakasimama. Ng'ambo nao wakasimama. Bare akaweka mguu mmoja kwenye kamba. Nikawaza, limekwisha ghala, na kesho mwanangu yuko kwenye mkeka wa miraa.

Ndipo Abdinoor akaugonga mkono wa Alio kwa kiganja, kama walivyofundishwa, kusema nimekubali. Na Alio akaachia papo hapo. Mtoto niliyedhani ana kisasi cha mfupa wake aliachia kabla hata Nunow, aliyekuwa mwamuzi, hajamgusa, akamwinua Abdinoor akae apumue.

Watu hawakujua la kufanya na mikono yao. Kila mmoja alikuwa anamtazama Bare. Sikufikiri. Nilisimama nikampigia Alio vigelegele. Peke yangu, mbele ya ukoo mzima wa mume wangu, namshangilia aliyemkaba mwanangu. Nikapiga mpaka pumzi ikaisha, nikavuta nyingine nikapiga tena. Wanawake wa kwetu walinitazama kama nimerukwa na akili. Kisha Muslimo akainuka akapiga pamoja nami, machozi yanamtiririka, akanishika mkono, na hapo wanawake wote wakaitikia.

Bare aligeuka akanitazama. Nilidhani atanitukana. Akaondoa mguu wake kwenye kamba na kuwaambia wanaume waliomfuata:

"Mama yake ameshangilia. Sisi tudai nini?"

Akaketi. Wakaketi wote.

Wazee walitoa uamuzi wao pale pale. Linalotokea juu ya godoro halitavuka kamba, na dai la mtulinga limekufa. Juzi Nunow akapewa kibali chenye muhuri. Sasa kila siku wanakuja vijana wapya, wamo wa koo tulizokuwa hatusalimiani, na kuna mmoja ametoka Lafey huko mpakani kwa malori matatu ya kubahatisha. Bare amerudi Wajir akisema anafungua ghala lake, na anawaambia watu kwamba yeye aliuunga mkono mseto tangu mwanzo. Mwache. Mwenye furaha hagombani.

Jioni ile Abdinoor hakula. Alikaa jikoni ananitazama, kisha akaniuliza, "Hoyo, mbona ulimshangilia aliyenishinda?"

Nikamwambia, "Wewe ulijua kugonga, naye akajua kuachia. Baba zenu hawakujua, ndiyo maana nimekulea peke yangu."

Yakub, hilo sikuwahi kumtamkia mtoto huyo. Alikuwa anajua tu kwamba baba yake alikufa kisimani kwenye ugomvi wa maji, hakujua kwamba pande zote mbili hakuna aliyekubali kurudi nyuma. Alilia, nami nikalia, kisha akaomba chakula, akamaliza na changu.

Nisalimie Saynab na umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Roda na Nunow wanakusalimu, Nunow anauliza kama kuna kanda nyingine. Mama anasema uje kabla hajafa, usiogope, amekuwa akisema hivyo tangu uondoke. Muslimo naye anakusalimu, yuko hapa ananisubiri nimkatie Alio suruali mpya.

Mwenyezi Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki isiyokuaibisha, na atukutanishe sote tukiwa na nguvu za kucheka.

Ni mimi dada yako akupendaye hata usipojibu,

Arbia