Maji Yasiyo na Foleni

Mtani wangu,

Usishtuke kuona barua. Sijajifunza kuandika baada ya wewe kufa, kichwa changu ni kilekile. Anayeandika ni mjukuu wangu Rehema, na nimemwambia asinipambie maneno. Nikikuita "Mmakua mguu kama jembe", aandike hivyohivyo.

Huku Mbekenyera tupo. Mvua imeacha vizuri, mihogo imeshika, ufuta umesimama. Kisimani bado kuna foleni, na wanawake wanagombana palepale tulipogombana sisi. Juzi wawili wamevutana mpaka ndoo ikapasuka, nikakukumbuka. Wewe ungekaa juu ya dumu lako ukawatazama mpaka mwisho, halafu ungeuliza, "Mmeshachoka? Haya, zamu yangu."

Mtani, Jumamosi naenda kwenye maji yako.

Yale uliyokuwa ukitupigia hadithi. Na nikwambie ukweli, ulikuwa unatuchosha. Tumekaa kisimani tangu jua halijatoka, tunangoja maji yajikusanye kwenye mchanga, unachota kata moja, unangoja, unachota nyingine, na wewe ndiyo unaanza: "Kwetu Kiegei, kule juu mlimani, kuna maji yanaanguka kutoka kwenye jiwe, mchana na usiku, na hakuna mtu anayeyateka." Uliyaona mara moja tu, ukiwa kigoli, baba yako alipokwenda na wewe kutafuta asali.

"Yanamwagika tu?"

"Yanamwagika tu."

"Bila foleni?"

"Foleni ya nani? Ya nyani?"

"Mwongo we!"

Wanawake wanacheka, foleni inasogea, jua linapanda.

Nilikuita mwongo miaka yote hiyo na sijutii. Mtani asipokuita mwongo, nani akuite? Nimekuita mwongo kisimani, nimekuita mwongo ngomani, nimekuita mwongo kwenye harusi ya mwanao Somoe mbele ya wakwe zake, mpaka mkwe mmoja akataka kuamua ugomvi, maskini, hakujua kwamba sisi ni watani. Na wewe ulikuwa na jibu moja tu: "Nitakupeleka. Lakini siku hiyo ndoo uiache nyumbani. Nyie Wamwera mkiyaona mtataka kuyahamisha." Ulisema tutakwenda mikono mitupu, wewe na mimi. Tutakaa chini, tutayaangalia yanavyopotea, basi.

Sikukuonyesha, lakini maneno yale yaliniingia. Hivi sisi tuliwahi kwenda kwenye maji bila chombo? Tumekwenda na mimba, tumekwenda na homa, tumekwenda tumetoka kuzika, na chombo kichwani.

Tungekwenda lini sasa? Maji yakijaa ni wakati wa ufuta, na ufuta hausubiri mtu. Ukikomaa usipoukata unapasuka, mbegu zote chini, karamu ya ndege. Ukimaliza ufuta, mikorosho inadai kupuliziwa salfa. Ukimaliza salfa, korosho zinaanguka, unainama kuokota mpaka unasahau mbingu ilivyo. Siku unayonyoosha mgongo, wewe mwenyewe unasema, "Saa hizi yamekauka, mtani. Mwakani." Mwakani, mwakani. Ulinunua mpaka raba mnadani, nyeupe, ukazifunga kwenye mfuko wa nailoni ukaziweka juu ya kabati. "Hizi hazikanyagi shamba," ukasema. Kweli hazikukanyaga shamba. Hazikukanyaga kitu.

Msibani kwako kazi yangu ya mtani niliifanya. Usije ukasema nilikaa nalia kwenye mkeka kama mgeni. Nilivaa khanga yako, nikafunga kilemba chako, nikatembea kama wewe, nimetupa miguu nje kama bata. Nikakaa juu ya dumu pale uani nikapaza sauti: "Kwetu Kiegei kuna maji hayatekwi!" Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Dada yako alicheka mpaka akaanguka. Kisha nikaingia chumbani kwako nikazichukua zile raba, maana mtani ana haki ya kuchukua, na hakuna aliyenizuia.

Ila Somoe hakucheka. Alinifuata nyuma ya nyumba, macho yamevimba, akaniuliza taratibu, "Mama mkubwa, hivi yale maji yapo? Au mama alikuwa anatunga?"

Mtani, nilimkwepa mtoto. Mimi! Nikamwambia, "Kapike uji, watu wana njaa."

Tangu siku hiyo swali lile limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Utani ni wangu na wako, tuliuanza wenyewe, tulikuwa tunashiba nao. Lakini mtoto asibaki akidhani mama yake amezikwa na uongo mdomoni.

Basi nikamwita Rehema kutoka Ruangwa mjini, anajua watu wenye magari. Nikamwambia, nipangie safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo, sina haja ya kulala kwa watu. Amepanga. Tukishasali alfajiri tunaondoka, gari mpaka Nachingwea, kutoka hapo mpaka Kiegei. Hapo tunapanda bodaboda mpaka njia itakapoikataa, na kilichobaki ni miguu. Magharibi itukute tumeshashuka mlima. Somoe ningemchukua, ila ana kichanga, hata jina bado kinalizoea.

Rehema alimpata kwenye simu mtu wa kulekule. Akasema njia ya mlimani ipo, ina majani, na kuna mahali utashika mawe kwa mikono. Rehema akafungua mdomo amuulize kama na maji yapo. Nikamnyang'anya simu. Nitaamini mtu nisiyemjua wakati wewe sikukuamini?

"Bibi, na goti lako?" akaniuliza.

"Goti langu ndilo mkuu wa nyumba hii?"

Chakula ni mihogo ya kuchemsha na karanga. Jana ameniletea madumu mawili, eti ya maji ya kunywa njiani. Nikayarudisha uani.

"Sasa tutakunywa nini?"

"Tunakwenda kwenye maji. Una viganja."

"Na tukikuta hayapo?"

Mtoto huyu ana mdomo wako. Nikamwambia, tukikuta hayapo tutarudi na kiu.

Kelele nyingine ni ya Bakari, mwanangu. Katoka shambani jana jioni kakunja uso. "Mama, ufuta umeanza kufunguka. Jumamosi ndiyo ya kukata."

"Kata."

"Peke yangu? Mwingine utamwagika."

"Acha umwagike."

Akanitazama kama amesikia kuku anatoa salamu. Si wa kulaumiwa. Huyo nilimlea nikimwinamisha kuokota mbegu moja moja kwenye turubai, na akiacha namrudisha. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kuokota, mtani: mbegu, korosho, tone la maji kwenye ukingo wa ndoo. Hata mimi mwenyewe neno lile liliponitoka niligeuka kutazama ni nani amesema. Halafu nikasikia raha. Sikulirudisha.

Bakari amekula, mwishowe akasema atawaomba wakwe zake waje wamsaidie. Asubuhi nimemkuta ananichongea fimbo. Mtoto mzuri, ila usimwambie nimesema.

Raba zako zimenizidi. Nimeshindilia vitambaa mbele, na bado natembea kama niliyeazima miguu. Nimejaribu kuzunguka nazo uani, kuku wakakimbia. Nikianguka kule mlimani ni wewe umeniangusha, na siku tukikutana utanieleza.

Nitakumbuka tulivyopatana. Nikiyakuta nitakaa chini, mikono mapajani, niyaangalie yapotee. Nitakaa na zamu yako pia. Tukirudi, kabla sijavua hizi raba, napita kwa Somoe nimwambie, "Yapo. Mama yako alisema kweli. Yanamwagika mchana na usiku, na hakuna anayeyateka."

Na nisipoyakuta, nikakuta jiwe kavu, nitapita kwa Somoe na raba hizihizi, na nitamwambia maneno hayohayo.

Rehema ameacha kuandika, ananitazama. "Bibi, na picha je? Atataka kuona." Nimemwambia siku hiyo simu yake itaishiwa chaji. Ameinama anaandika, anacheka, na machozi yanamtoka. Mwache, atanyamaza.

Ila mimi sina ufundi wa kutunga kama wewe, Somoe atanishika mara moja. Kwa hiyo, mtani, nakuomba kitu kimoja, na sijawahi kukuomba kitu bila kukutukana kwanza.

Yawepo.

Mimi mtani wako, Mmwera,
niliyeacha ndoo nyumbani.