Picha Iliyochelewa Kufika Nyanungu

Baba yangu,

Shikamoo. Mama naye nampa shikamoo yake, na bibi kama bado anasikia vizuri kwa sikio la kulia. Nimesikia watu wa huku wakisema mvua ya Tarime imekuwa nzuri, nami nikawaza kama mtama wa bondeni umeshika au ndege wameuwahi. Mimi sijaugua tangu nifike Natta. Nakula, nalala, na kazini nimeanza kuzoea.

Ningekupigia simu, lakini unanijua. Kwa simu huwa nasema "ndiyo baba" mpaka salio linakwisha. Jambo hili linahitaji maneno mengi, ndiyo maana nimempa dereva barua.

Najua umeshasikia kwamba nilimkatalia Mzee Nyamhanga siku aliyokuwa anamsafirisha mkewe, Mama Robi, kuja kuzikwa huko Nyanungu. Ni kweli. Naomba unisikilize na mimi.

Duka ninalofanyia kazi ni la Mwalimu Elibariki, yule wa kutoka Singida anayefundisha sekondari ya hapa. Tunachapa barua, tunatoa kopi na tunasafisha picha za watu. Kompyuta kubwa ya dukani ndiyo yenye alama za wanafunzi wote na hati za nusu ya watu wa Natta. Wiki ile Mwalimu alisoma kwamba wataalamu wamegundua kasoro kwenye kiini cha mfumo unaoendesha kompyuta yetu, pale kinaposoma mafaili ya flashi. Alinieleza nami nikaelewa, kwa hiyo nakueleza kama nilivyoelewa.

Hicho kiini ndicho kinachogawa kumbukumbu ya mashine, kama ukoo unavyogawa mashamba. Kazi ikiisha, sehemu inarudishwa na kupewa mwingine. Kasoro ni kwamba kiini kilikuwa kinasahau kuwa sehemu imesharudishwa, kinaendelea kuandika mlemle. Ni kama mtu aliyeazimwa shamba, akalirudisha, kisha msimu mwingine akaja na ng'ombe wake kulima juu ya mtama wa mwenzake. Mtu mbaya akilijua hilo, anaweza kutengeneza flashi ambayo ukiichomeka tu inaizima mashine, au inaitawala yote. Sasisho la kuziba kasoro lilikuwepo, ila mtandao wa hapa ni dhaifu. Mwalimu akaenda Mugumu kulichukua, akaniambia, "Bhoke, mpaka nirudi, flashi ya mtu yeyote isiingie kwenye hii mashine. Hata ya mkuu wa shule."

Siku hiyohiyo mchana gari likasimama nje. Mzee Nyamhanga akaingia, na mkwewe, mume wa binti yake Robi, akabaki mlangoni. Sikujua kama Mama Robi amefariki. Nilijua tu alikuwa kwa Robi akitibiwa.

"Kumbe ni binti wa Marwa," mzee alisema. "Basi nimefika nyumbani."

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mama yako ametuacha. Yuko kwenye gari hapo nje. Nitolee picha yake, kubwa, tuiweke juu ya sanduku." Akaweka flashi mezani.

Baba, hapo nilikosea. Nilipaswa kumpa pole. Nilipaswa kumpa kiti. Nilichosema ni, "Haiwezekani."

"Nini hakiwezekani?"

"Flashi. Mwalimu amekataza. Kiini kina kasoro."

Akaisogeza flashi karibu yangu. "Mimi nina ugonjwa gani wa kuambukiza mashine?"

Nilitaka kumwambia kuhusu shamba na ng'ombe, lakini nilikuwa naangalia sakafu. Mkwewe akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Mzee, twende. Huyu ameshakuwa mzungu. Tutatoa Tarime."

"Tarime tutafika maduka yamefungwa."

"Sasa utafanyaje? Utamlilia?"

Mzee akanigeukia. Akasema, taratibu tu, "Mimi na baba yako tulitoka jandoni siku moja kwa kisu kimoja. Wewe ni mtoto wangu." Kisha akatoka. Flashi aliiacha mezani. Sijui kama alisahau au hakutaka kuigusa tena. Nilipoichukua na kukimbilia nje, gari lilikuwa limeshapinda kona.

Mwalimu alirudi kesho yake. Nilipomweleza aliniuliza kwa nini sikutumia ile kompyuta kuukuu iliyo chini ya meza. Haina alama za mtu wala haijaunganishwa na kitu. "Ile hata ikifa tunaizika tu," alisema, halafu akajutia neno lake, akashika kichwa. Akasema pia kwamba ningeweza kumpigia simu. Yote mawili ni kweli. Kompyuta ile naipangusa vumbi kila asubuhi. Simu ilikuwa mfukoni. Lakini mzee alikuwa ananitazama, na mimi siwezi kuongea na wakubwa wawili kwa mara moja. Nilishika katazo kwa sababu lilikuwa rahisi kushika kuliko kufikiri.

Tuliichomeka flashi kwenye ile kuukuu. Haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa na picha moja tu. Mama Robi amekaa nje ya nyumba yao na ungo mapajani, anacheka na mtu ambaye haonekani. Unakumbuka alivyokuwa akiniita "bibi harusi asiyesema" nikienda kuchota maji? Niliitazama nikalia mbele ya Mwalimu.

Robi ameniambia walizika bila picha. Waliweka kanga yake juu ya sanduku.

Mwalimu anasema nilifanya sawa kuilinda mashine, na kwamba kosa ni lake kwa kutonionyesha njia nyingine. Wewe usimwambie Mzee Nyamhanga hayo. Usimweleze habari za kiini wala kumbukumbu, asije akadhani namfundisha. Mwambie tu kwamba mtoto wake alimsimamisha dukani kama mgeni, hakumpa pole, na anajua.

Ndani ya bahasha hii kuna flashi na picha. Nimeitoa kubwa kama alivyotaka, na Mwalimu ameifunika kwa plastiki ngumu isiharibiwe na moshi. Naomba uipeleke wewe mwenyewe, usimtume mtoto.

Msalimie kaka yangu anayechunga, mwambie nimeona nyati karibu na barabara na sikupiga kelele. Shangazi aliyeolewa ng'ambo ya Sirari akija, mpe salamu zangu. Mama mwambie asiende kuniombea msamaha kwa majirani.

Na Mzee Nyamhanga akikataa kuipokea picha, baba, usimlazimishe. Iweke ndani, mahali pakavu. Nikipewa ruhusa mwezi wa kumi na mbili nitaipeleka mimi, na safari hii nitaongea, hata kama nitaongelea nje.

Mwanao,
Bhoke