Mama Rehema wa Kwenye Mfarishi

Jumanne, 1 Julai

Viraka arobaini na nane leo. Mgongo hauna hali. Nimekata kanga zangu za zamani, hata ile niliyombebea Rehema mgongoni. Nikiipitisha kwenye cherehani machozi yanataka kutoka, halafu namkumbuka Zubeda, yanakauka yenyewe.

Rehema wangu anaolewa tarehe ishirini na sita. Kijana wa Ngombezi, yuko kiwanda cha mkonge. Rehema kaomba kitu kimoja tu: mfarishi wa viraka, mama ashone, Mama Mdogo adarizi. Mama Mdogo ndiye huyo Zubeda, mke wa baba yake kule Misima. Mabegi yapo, masufuria yapo, mwanangu kaenda kuomba hicho.

Ijumaa, 4 Julai

Kaja mwanamke wa Misima kupunguziwa gauni. Anasema, "Mama Rehema anakusalimia." Mama Rehema yupi? Mama Rehema si ndiye mimi? Akaanza kuchezea mkoba wake.

Kumbe kijiji kizima wanamwita hivyo. Tena siku nyingi. Mbele yangu Rehema anamwita Mama Mdogo, kumbe nikigeuka tu ndiye mama mwenyewe. Tumbo nilibeba mimi. Nilipasuliwa mimi. Talaka nilipewa mimi, mtoto ana miaka mitano, baba yake akamng'ang'ania. Nilirudi hapa Old Korogwe na cherehani na hilo jina, basi. Miaka kumi na saba wateja wananiita Mama Rehema. Yeye hakujaliwa hata mmoja, kachukua wangu, na jina juu. Mwizi mkubwa.

Gauni la yule mwanamke nimelipunguza kupita kiasi. Shauri yake.

Jumatatu, 7 Julai

Kazi hii ina utaratibu wake. Juu viraka, katikati blanketi, chini shuka. Anayedarizi anapewa viraka peke yake kwanza, kitambaa kikiwa bado chepesi. Akimaliza ndipo tabaka zinapangwa na kupigwa pamoja. Hata fundi wa juzi analijua hilo.

Leo nimezifunga zote tatu. Nimepiga mistari ya kukatizana mpaka ukingoni, na pindo juu yake. Makusudi kabisa. Aitie sindano hapo tuone. Ikimchoma, imchome.

Mfarishi nimempa kondakta wa basi la Handeni amshushie Zubeda Misima. Mchana nimekula ugali wote.

Jumatano, 9 Julai

Zubeda kapiga simu. "Kazi umeshaifunga, dada." Nikamjibu ndiyo. Akasema haya, ataangalia atakavyofanya.

Dada! Dada yake nani? Hata kugomba hakugomba. Nilikuwa nimejiandaa na maneno yangu tangu jana, yote bure. Nimesonya mpaka mate yakaisha.

Jumatano, 16 Julai

Mfarishi umerudi, umekunjwa, umefungwa kamba ya katani. Pembe ya juu imeachwa wazi ili niione. Herufi nyekundu, kubwa, mshono wa mnyororo: Zawadi ya Mama Rehema.

Ebo!

Sindano kaipitisha tabaka zote tatu. Hata upande wa nyuma hakuna fundo linaloonekana. Kazi safi, sisemi uongo, na usafi wake ndio unaonichoma. Wanawake wa Ngombezi watautandika kitandani siku ya kupeleka vyombo, watasoma kwa sauti, halafu watamgeukia yeye. Wampigie vigelegele. Mimi nitakuwa nimesimama mlangoni, fundi cherehani wa kutoka Korogwe.

Sikuufungua hata kamba. Nimechukua wembe, nimefumua herufi moja moja. Mama. Rehema. Maneno 'Zawadi ya' nimeyaacha. Matundu yamebaki, mbele na nyuma. Yabaki. Kesho naandika Mwanaidi, jina langu la kuzaliwa. Hilo hawezi kulichukua.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeukunjua leo nianze kuandika. Pembe ya chini, upande wa miguuni, uzi mweupe juu ya kanga nyeupe, herufi ndogo kama punje za mtama. Nimesogea dirishani ndipo nikasoma.

Imedariziwa na Mama Mdogo.

Nimekaa chini, sakafuni, kama mtu aliyefiwa. Kwa hiyo Mama Rehema wa juu nilikuwa mimi. Aliniandika mimi, kwa nyekundu, na yeye akajificha miguuni. Nimejifumua mwenyewe kwa wembe wangu.

Aibu niliyonayo sijui niiweke wapi. Nimejaribu kurudishia kwa mkono. Herufi zimelewa, nimezitoa. Nimejaribu kwa cherehani, unene umevunja sindano mbili. Nisingezifunga zile tabaka, matundu yangekuwa upande mmoja tu, ningelowesha nikasugua yakajifunga. Ujinga wangu mtupu. Zimebaki siku tisa.

Bado simpendi. Hilo nalo naliandika.

Jumamosi, 19 Julai

Misima. Nilikuwa sijakanyaga ule ua tangu talaka. Baba Rehema alikuwa shambani, afadhali.

Zubeda kanikaribisha, katandika mkeka. Sikujua nianzie wapi, nikautoa tu mfarishi nikamwekea mapajani. Akaukunjua. Akapitisha kidole kwenye matundu, la kwanza hadi la mwisho. Nikangoja aniulize. Kidole chenyewe kilikuwa kimefungwa kitambaa, na cha pili yake pia. Nikatazama kuku.

Nikamwambia, "Nilisoma vibaya." Ndilo pekee lililotoka. Akasema, "Nilijua utasoma vibaya. Ndiyo maana niliandika na kule chini." Kwa ukali, bila kunitazama. Kumbe na yeye ana hasira zake. Nikajisikia nafuu, sijui kwa nini.

Akatia uzi mwekundu, akaanza na M kwenye matundu yale yale. Akaniamuru nishike ukingo nisilegeze. Nikashika. Alipofika kwenye R nikasikia hodi uani, jirani anaita, "Mama Rehema!"

"Abee," tukaitika wote wawili.

Zubeda hakuinua kichwa, akavuta uzi. Jirani alikuwa anataka kinu. Nikaenda kumpa mimi, maana mwenzangu mikono ilikuwa na kazi. Kinu kilikuwa pale pale nilipokuwa nakiweka, nyuma ya mlango wa jikoni.