Ubeti wa Tatu wa Baba

Jumatatu, 3 Machi

Limeriki yangu ya mia mbili hewani redioni! Ndiyo kazi inayonilisha: nachukua wimbo unaopendwa, naukamua machozi, nausimulia upya kwa mistari mitano ya kuchekesha. Kisha taarifa ya habari inafuata. Bosi kaleta keki, akaomba ile ya wimbo wa Baba. Studio nzima wakaisoma nami, hawakukosea neno:

Bwana mmoja kangoja mlangoni,
mvua yamchapa kisogoni;
mke hakwenda safari,
yu ndani, hana habari,
kumbe bwana ufunguo anao mfukoni!

Nilipoitunga, Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Angenuna ningeichana. Aliniambia, mwanangu, wimbo usiotaniwa umeshakufa.

Jumatano, 5 Machi

Daktari kasema maneno ya Baba yataendelea kupotea. Hakuna dawa ya kuyarudisha. Yatakayobaki kwa muda ni yale anayoyasikia kila siku. Shangazi, dada yake Baba, alifuta miwani.

Nimekumbuka kuwa kuna ubeti wa tatu. Wimbo ule Baba aliutunga nje ya wodi, akimngoja Mama. Mama hakutoka hai. Beti mbili nazijua, dunia inazijua. Wa tatu ndio unaomtaja Mama kwa jina, na mimi sijawahi kuusikia. Nataka niupate kabla haujaondoka naye.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda maktaba ya stesheni. Kanda tatu za wimbo wa Baba. Zote zinafifia mwisho wa ubeti wa pili — fundi alikuwa akikata ili taarifa ya habari isichelewe. Hata mimi nakata nyimbo za watu hivyo hivyo. Kila siku.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda kwa Mzee Besi, aliyepiga besi bendi moja na Baba miaka kumi na tisa. Ubeti wa tatu? Akakuna kichwa. Akasema, binti yangu, mimi nilikuwa nasikiliza ngoma, maneno nilimwachia baba yako. Akaona haya. Akachukua gitaa akanipigia besi ya ubeti wote, mwanzo mwisho. Bila neno hata moja. Nimeirekodi.

Jumapili, 9 Machi

Nimempigia Baba ile besi. Akafumba macho. Mguu ukaanza kuhesabu. Shangazi akanishika mkono. Baba akavuta pumzi, akaingia palepale panapotakiwa, sauti ileile —

Bwana mmoja kangoja mlangoni.

Akaimba mistari yote mitano. Akacheka. Akaniuliza, huyo bwana mjinga hivi ni nani?

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimemtumbukiza baba yangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwomba Bosi aitoe hewani. Kasema wasikilizaji wataandamana. Inachezwa kila asubuhi, na redio ya Baba haizimwi. Nikaiondoa chumbani kwake. Akalia kama mtoto. Nikairudisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimejaribu kuutunga mwenyewe huo ubeti wa tatu. Kila nikifika mstari wa tano unataka kuchekesha. Mkono umezoea. Nimeuchana.

Jumapili, 16 Machi

Mvua tangu alfajiri. Shangazi kanipigia simu nije. Nimemkuta Baba amesimama nje ya mlango wake mwenyewe, shati limemgandia mgongoni, hataki kuingia. Anasema anangoja.

Nimemuuliza anamngoja nani. Akanitazama vizuri, kama zamani. Akafungua mdomo. Nikawasha simu nirekodi — jina tu, Mama, jina lako tu lingenitosha.

Jina halikuja. Midomo ilihangaika. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akaninyooshea.

Naandika hapa kizingitini, wino unachuruzika. Shangazi anatuita, tutaugua. Baba hasogei. Bado kaushika ufunguo juu, mvua inamchapa kisogoni, ananitazama usoni. Anasubiri nicheke.