Benchi la nyuma

Chanzuru, Jumapili jioni

Leo kanisani sikufanya lolote zaidi ya kukaa.

Tangu binti yangu Debora apate mimba kabla ya ndoa, kanisa limemtenga. Anakaa benchi la nyuma, hashiriki meza ya Bwana. Mimi nimekuwa nikienda mbele kila mara, namwacha pale na tumbo lake. Leo wenzangu waliposimama kwenda mezani, nikaenda nyuma nikakaa naye.

"Mama, nenda, watakusema," akaninong'oneza.

"Waseme."

Kama neema ni ya wanaostahili tu, basi huo ni mshahara. Hata mimi, ambaye sijatengwa, sijawahi kustahili.

Akanilalia begani. Tangu Krismasi hajanisogelea hivyo.

Niliyemwogopa ni baba yake. Ni mzee wa kanisa, alikuwa akimsaidia mchungaji pale mezani, na alituona. Njia nzima alitangulia mbele. Nikapika ugali na mlenda, nikamtengea, nikasubiri kugombezwa.

Alipomaliza kula, akinawa mikono, akauliza taratibu huku akitazama beseni:

"Hilo benchi, watu watatu wanaenea?"