Ua la Kofia ya Ramazani

Juma tatu, 3 Marsi 1958
Masini mupya imefika na kamyo ya mizigo. Nimetembea Bukavu, nimetembea Usumbura, lakini masini inayoshona maua yenyewe – hapa Kasongo mimi wa kwanza. Unatia sahani ndogo ya chuma yenye meno, unakanyaga, ua linatoka. Sahani kumi, maua kumi. Nikamwambia muke wangu Safi: mama, mikono yako ipumzike sasa. Safi anashona kofia kwa sindano tangu usichana, hakuna mbili zinazofanana. Alichoma sindano ukutani kwenye mukeka, akaenda shamba.

Juma nne, 4 Marsi
Ramazani anaoa Ijumaa. Anataka kofia yenye ua ambalo hakuna mutu ameliona. Nikamushonea yote kumi. Akacheka: "Fundi, haya iko kwa kitambaa cha meza ya Padri." Kweli. Masini iko na akili ya karani: inaandika vizuri sana barua ya mutu mwingine.
Sindano bado iko ukutani. Kama Safi hataishika tena, nitabaki na maua kumi mpaka kufa.

Juma tano, 5 Marsi
Haraka zangu. Nilitia sahani ya tano kinyume, mugongo mbele. Ikatoka kitu kama siafu waliopotea njia. Nikatupa. Safi akaokota kitambaa, akakigeuza, akakiangalia sana. Akasema: usifumue, hapa rudia, hapa acha nafasi. Nikakanyaga namna alivyosema. Uzuri ule sikuuona hata Usumbura.
Nimewaza muchana kutwa. Nani ametunga? Masini ilifuata meno yake tu. Haikujua ni kosa, haikujua ni uzuri. Ingeshona ua lile hata juu ya kidole changu. Lakini mimi je? Nilikosa, kisha nikatupa. Hapo mimi na masini tunafanana, na inaniuma.

Alhamisi, 6 Marsi
Nimeharibu. Ramazani alipoiona kofia yenye ua lile, macho yalijaa machozi. Akauliza nani alitunga, maana kwetu ua la kofia linaitwa kwa jina la mutungaji, na kesho wataliimba harusini, litabaki mpaka kwa wajukuu. Ulimi ukanitangulia: "Ni mimi, Musafiri, nani mwingine?" Safi alikuwa mulangoni, ndoo ya maji kichwani.
Tukila, alisema neno moja tu: masini haikusema uongo.

Ijumaa, 7 Marsi
Wamefika – Ramazani, baba yake muzee Bulaimu, wanawake na ngoma. Muzee anauliza: "Fundi, tuliimbe ua la nani?" Nimesema ngojeni kidogo, naandika kitu cha lazima. Safi amekaa mbele ya masini, hakanyagi, ananiangalia. Nimeandika jina langu pembeni ya karatasi. Nimelikata. Nimeandika la Safi. Ngoma zimenyamaza. Muzee Bulaimu anasema mukono wangu anauona unakwenda, mudomo je, umekwama wapi?